Amae na Kudeka

Neno la Kijapani amae, nomino iliyotokana na kitenzi amaeru, hutaja hali ya mtu kuegemea mapenzi ya mwenzake huku akitarajia kuvumiliwa na kutimiziwa haja ambayo hakuitamka. Lina uhusiano na amai, yaani tamu, na Takeo Doi, daktari wa magonjwa ya akili aliyelifanya kuwa istilahi ya elimunafsi katika kitabu chake Amae no kozo cha mwaka 1971, alilihusisha pia na sauti za mtoto mchanga anayetaka ziwa.

Doi alisimulia habari za mama mmoja Mwingereza, mzaliwa wa Japani, ambaye alipokuwa akieleza kwa Kiingereza utoto wa binti yake aliyekuwa mgonjwa, aliingia ghafla katika Kijapani ili aseme kwamba mtoto huyo hakuwa na amae sana, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba jambo hilo halisemeki kwa Kiingereza. Kutokana na ushahidi wa namna hiyo Doi aliiona amae kuwa ufunguo wa nafsi ya Wajapani. Lakini mwaka 1982 mwandishi wa Korea, Lee O-Young, alipinga upekee huo kwa kuonyesha kwamba Kikorea nacho kina maneno ya maana hiyohiyo.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kupinga pamoja naye, kwa kuwa maneno ya mama yule yangetafsirika bila taabu yoyote: mtoto huyu hakudeka sana. Hata kununa na kususa, yaani kukataa chakula au mazungumzo ili mtu abembelezwe, vina wenzao katika Kijapani, ambapo kitenzi suneru hutaja kinyongo cha aliyenyimwa amae. Jambo la kuzingatia zaidi ni kauli ya kutendea, kumdekea mtu, inayodhihirisha kwamba anayedeka lazima awe na wa kumdekea. Hakuna anayemdekea adui wala mpita njia, na aliyefiwa na wote waliomjali hupoteza, pamoja nao, uwezo wa kudeka. Kwa hiyo ni kosa kuihesabu hali hii kuwa udhaifu mtupu, kwani hutanguliwa na imani kwamba yupo atakayejali, na lawama ya kupita kiasi jamii humtwika zaidi anayedekeza.

Hapo ndipo swali la dini linapoingia. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu mustakabali wa dini, alidai kwamba imani kwa Mungu ni unyonge wa mtoto uliohamishwa kutoka kwa baba wa duniani, na kama dai hilo ni kweli, mwenye kuomba dua hafanyi zaidi ya kudeka. Hata hivyo tawakali, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na wakili, humaanisha kumkabidhi Mungu jambo kama mtu anavyomkabidhi wakili shauri lake, na hakuna anayeweza kukabidhi shauri asilolijua. Anayedeka hungoja afahamiwe bila kusema. Mwenye kutawakali hutaja haja yake waziwazi, hufanya lililo katika uwezo wake, kisha humwachia Mungu lililobaki, na jibu likichelewa, hasusi.