Deni lililolipwa, nani aandike kama limekwisha?

Hukumu ya tribinali inasomwa mbele ya watu: juji, karani, wenye kushitakiana, hata wapita njia waliokuja kusikiliza. Inapata namba na muhuri. Lakini siku mdaiwa analipa, mara nyingi ni watu wawili tu, mkono kwa mkono. Hapo kuna swali la haki: nani ana lazima ya kuonyesha kama jambo limekwisha?

Sheria yetu ina jibu lake. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika, inasema mwenye kudai ahakikishe deni, na mwenye kusema amelipa ahakikishe malipo. Basi mzigo ni wa aliyelipa. Atunze karatasi yake. Lakini, ndugu msomaji, unajua nyumba zetu: mvua, mchwa, panya. Na sisi wa mashariki tulikimbia 1996, tukakimbia 1998, wengine tena 2025, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Nani siku hiyo alikumbuka karatasi ya malipo? Mdaiwa akifa, mjane wake anakuta hukumu ingali na muhuri, na malipo hayana shahidi.

Wazee hawakuwa na karani. Huku Kivu, mzozo wa shamba ao wa ng'ombe ukikatwa barazani na mtu akiisha kulipa, kasiksi inaletwa, na hao wawili wanakunywa mbele ya wale wale waliosikia mashitaka. Ile pombe ilifanya kazi ya karani. Kesho mtu akirudia maneno, kijiji kizima kinamujibu.

Tusiwasifu kupita kipimo. Shahidi anakufa, anasahau, anaweza hata kuhongwa, na mgeni asiye na ukoo hapo alipata mashahidi wachache. Karatasi inafaa.

Ila mimi naona mwenye kushinda kesi, akiisha kupokea franka ya mwisho, aende mwenyewe kwa karani aombe iandikwe kwamba amelipwa. Wengine watasema: yeye njo alinikosea, kwa nini mimi nichoke njiani kwa ajili yake? Kwa sababu ni wewe ulilipeleka jina lake mule. Na kama tribinali iko mbali, umupe karatasi mbili zenye sahihi yako: moja abaki nayo, nyingine apeleke kwa karani.