Deni la Msemaji: Ushawishi, Mantiki na Baraza la Bustani ya Jeevanjee

Lugha ya Kiswahili haijawahi kumwamini mshawishi kikamilifu. Kitenzi kushawishi kina harufu ya udanganyifu: kanisani, vishawishi ni yale yanayomtoa muumini katika njia iliyonyooka, na katika mazungumzo ya kila siku mtu aliyeshawishiwa ni mtu aliyeondolewa mahali alipokuwa pasipo hiari yake kamili. Kando ya kitenzi hicho kipo kingine, kukinaisha, ambacho maana yake ni kumfanya mtu akinai, yaani atosheke. Mlaji hukinai chakula. Msikilizaji hukinai hoja. Na lipo neno la tatu, balagha, ambalo wahakiki wamelizoea kwa sababu ya swali la balagha, lakini ambalo mzizi wake katika Kiarabu una maana ya kufika. Ni mzizi uleule uliozaa kubalehe. Kwa hiyo msemaji anaweza kumwondoa mtu mahali pake, anaweza kumshibisha, au anaweza kumfikia. Makala haya yananuia kuchunguza tofauti ya kimaadili iliyopo baina ya vitendo hivyo vitatu, na kuuliza msemaji ana deni gani kwa yule anayemsikiliza.

Swali lenyewe ni kongwe. Katika Gorgias, Plato anamfanya Socrates aulinganishe usemi wa balagha na upishi unaoupendeza ulimi bila kujali afya ya mwili. Aristotle akaja baadaye na mgawanyo wake mashuhuri wa tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe, mgawanyo ambao kila mwanafunzi wa fasihi ameukariri na ambao hauna haja ya kurudiwa hapa. Linalosahauliwa aghalabu ni jambo dogo la kiutaratibu katika Gorgias: kabla ya kubishana, Socrates anamwomba mwenzake aache hotuba ndefu na akubali kuuliza na kujibu kwa maneno machache. Ombi hilo linadokeza kwamba uhalali wa ushawishi hautegemei tu yanayosemwa. Unategemea pia ukubwa wa kikao na nafasi aliyonayo msikilizaji ya kumkatiza msemaji.

Nairobi inacho kikao cha kulipimia dokezo hilo. Bustani ya Jeevanjee, iliyo kati ya Moi Avenue na barabara ya Muindi Mbingu, ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, na mwaka huohuo ikasimamishwa humo sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuigeuza kuwa jengo la maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani dhidi ya mpango huo, na bustani ikanusurika. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 watu wa kawaida, wengi wao wakiwa hawana ajira ya kudumu, walianza kukutana kwenye viti vya bustani hiyo kujadili siasa, bei ya vyakula, sheria na dini, na kikao chao kikaja kujulikana kama Bunge la Mwananchi. Yafaa ikumbukwe kwamba hadi mageuzi ya mwaka 1997 Sheria ya Utangamano wa Umma ilitaka mikutano ya hadhara iwe na leseni. Kubishana kwenye benchi, jambo ambalo katika mji mwingine lingehesabiwa kuwa burudani ya wazee, hapa lilikuwa karibu na kosa la jinai. Hata baada ya hapo kikao hicho kilitawanywa na polisi mara kadhaa. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyokuja kuuandika bayana uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33 na haki ya kukusanyika katika Kifungu cha 37.

Namna hoja inavyoishi katika duara kama hilo ni tofauti na inavyoishi jukwaani. Na ichukuliwe, kwa mfano, kwamba msemaji ameinuka na kudai kuwa mgombea fulani anafaa kuchaguliwa kwa sababu amezaliwa mtaani na anazijua shida za watu. Hoja hiyo ina nguzo iliyofichwa: kwamba kila aliyezaliwa mahali huzijua shida za mahali pale na, zaidi ya hayo, hutaka kuziondoa. Mwanamantiki angeifichua nguzo hiyo kwa kuiandika ubaoni. Katika duara hufichuliwa na mtu aliyeketi hatua mbili kutoka kwa msemaji, akauliza kwa upole, "Na yule aliyetuibia mabati ya shule, ndugu yangu, alizaliwa wapi?" Watu hucheka, na kicheko hicho ni kanusho. Msemaji analazimika ama kuirekebisha kauli yake, aseme kwamba kuzaliwa mtaani ni sababu mojawapo tu, ama kuitetea nguzo ambayo hakukusudia ionekane. Kwa vyovyote vile, hoja imekuwa bora kuliko ilivyokuwa dakika moja iliyopita, na aliyeiboresha si mwenye hoja.

Linganisha na Uhuru Park, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo. Mbele ya maelfu ya watu na vipaza sauti, swali la mtu mmoja halisikiki. Kinachosikika ni mwitikio wa kaulimbiu. Wakati wa kura ya maoni ya mwaka 2005 rasimu nzima ya katiba ilijulikana kwa ndizi na chungwa, alama mbili za kupigia kura, na wapo waliopiga kura wakilijua tunda bila kuzijua ibara. Si kwamba wasemaji wa siku hizo wote walikuwa waongo. Baadhi yao walisema kweli tupu. Lakini kweli isiyoweza kuulizwa humfikia msikilizaji kwa njia ileile ambayo uongo humfikia, naye hana namna ya kuitenganisha na uongo huo.

Hapa ndipo deni la msemaji linapoonekana. Mara nyingi hudhaniwa kwamba wajibu wa mshawishi ni kusema kweli na kufuata mantiki, basi. Wajibu huo ni wa lazima lakini hautoshi. Msemaji anamwomba mwenzake aamini jambo na pengine alitende, na kwa ombi hilo anajipa madaraka juu ya nia ya mtu mwingine. Anachodaiwa ni kumwachia mtu huyo njia ya kurudi: nafasi ya kuuliza, muda wa kufikiri, na uwezekano wa kusema kesho kwamba jana alikosea kukubali. Katika bustani deni hilo hulipwa karibu kwa lazima, kwa kuwa msemaji atakutana tena na wasikilizaji walewale. Jukwaani ni rahisi kulikwepa, kwa kuwa msafara wa magari unasubiri.

Fasihi ya Kiswahili ina mifano miwili inayoutia uzito mjadala huu. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamsimamisha Karama mbele ya baraza kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria, yaani kuwafundisha watu namna ya kujitetea kwa maneno. Riwaya hiyo kwa kawaida husomwa kama ushindi wa ufasaha dhidi ya udhalimu, na usomaji huo una haki yake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya riwaya ni sauti ya Karama peke yake, akisimulia habari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali za ulimwengu na kuadhibiwa waliporejea. Mshtaki wake, Majivuno, hapewi ustadi wa kuzichambua simulizi hizo. Msomaji anakinaishwa, lakini hashuhudii Karama akihojiwa kwa ukali unaolingana na ufasaha wake. Ni kasoro ya kisanaa, na yamkini ni kasoro ya kimaadili pia: mtetezi wa elimu ya kujibu anashinda bila kujibiwa vilivyo.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), anaelekea upande wa pili wa jambo hilohilo. Maji yanayodaiwa kuzuia risasi yanayaunganisha makabila ambayo hayakuwa na umoja, na kwa kipimo cha matokeo huo ni ushawishi uliofaulu kuliko wote. Lakini neno la maji limetoka kwa Hongo, si kwa mtu anayeweza kuulizwa, na Kinjeketile anapowataka wapiganaji wasubiri wajiandae hana tena uwezo wa kuwazuia. Ameshindwa na imani aliyoianzisha mwenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Kukataa huko hueleweka kama ushujaa, na ni ushujaa. Lakini ni ushujaa wa mtu anayejua kwamba njia ya kurudi imekwisha kuzibwa, na kwamba kuifungua sasa kungewanufaisha watesi peke yao.

Nadharia hii ya deni inakabiliwa na kipingamizi kizito, nacho kinatoka papo hapo katikati ya jiji. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walimpelekea Mwanasheria Mkuu ombi la kuachiliwa kwa wana wao. Kisha wakapiga kambi katika kona ya Uhuru Park iliyokuja kuitwa Freedom Corner, wakafunga kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari hao. Katika jamii nyingi za Kenya uchi wa mama mbele ya aliye na umri wa mwanawe ni laana. Laana haiulizwi swali wala haimwachii mtu njia ya kurudi. Je, mama hao walikiuka deni la mshawishi?

Jibu la haraka ni kwamba hicho hakikuwa kitendo cha ushawishi bali cha kukata tamaa, na kwamba mantiki haina neno la kusema juu yake. Jibu hilo linawadunisha. Aristotle alitambua aina ya hoja ambayo nguzo yake moja haitamkwi kwa kuwa msikilizaji anayo tayari moyoni. Askari aliyesimama mbele ya mama huyo alijua, kabla ya kuambiwa, kwamba mama hapigwi na mwana. Alichokosa ni nguzo ya pili, kwamba huyu aliye mbele yake ni mama na yeye ni mwana, kwa sababu sare na amri vilikuwa vimemfundisha kumwona kama mvunja sheria. Kitendo kile kiliirudisha nguzo iliyokosekana. Hitimisho alilitoa askari mwenyewe, kwa kugeuza uso.

Isitoshe, mpangilio wa matukio una uzito. Kwanza ilikuja barua, iliyoomba jibu na iliyoweza kujibiwa. Ikafuata kambi, ambapo wapita njia walisimama na wengine wakasimulia mateso waliyotendewa vizuizini, hata kona ile ikawa yenyewe baraza la ushahidi. Laana ilikuja mwisho, baada ya rungu. Njia ya kurudi haikuzibwa na akina mama. Ilizibwa na yule aliyeijibu barua kwa gesi. Baada ya siku hiyo hawakuendelea na laana. Walikwenda katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima wakishikilia ombi lilelile, na kufikia mapema mwaka 1993 wengi wa wafungwa walikuwa wameachiliwa.

Hoja hii inaweza kutumiwa vibaya, bila shaka. Kila mwenye hasira anaweza kudai kwamba milango ilifungwa na kwamba kwa hiyo anayo ruhusa ya kuacha maneno. Kwa hiyo inafaa kuuliza maswali mawili ya kawaida kabisa: barua ilitangulia? Na mlango ulipofunguka, je, walirudi kwenye maneno? Wengi wanaojifananisha na mama wa mwaka 1992 hukwama katika swali la kwanza.

Wala duara la Jeevanjee lisipambwe kupita kiasi. Kikao kidogo kina udhalimu wake. Wanaozoeana huanza kukubaliana kwa sababu ya mazoea, na mwenye shaka hunyamaza ili asiharibu undugu. Mwenye sauti nene husikika kuliko mwenye hoja nzito. Duarani aghalabu wanaume ndio wengi, na mwanamke anayesimama pembeni huitwa "mama" kwa heshima zote pasipo kupewa zamu ya kusema. Heshima ya jina hilo, ambayo katika Freedom Corner ilimzuia askari, hapa huweza kutumika kumnyamazisha mwenye jina.

Karibu na hapo, katika barabara ya City Hall Way, kipo kikao kingine kidogo chenye dawa ya baadhi ya maradhi hayo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais kwa kura 4 dhidi ya 2, na tarehe 20 Septemba ikatoa sababu zake kwa ukamilifu. Majaji wawili waliokataa waliziandika sababu zao pia, nazo zimehifadhiwa pamoja na za wengi, ili wakili wa miaka ijayo aweze kuzifufua. Bustanini hakuna jalada la namna hiyo. Aliyeshindwa jioni hana maandishi yanayomngojea, wala karani wa kuyanukuu. Hoja yake ataibeba mwenyewe hadi Ngara au Kawangware, na akiitaka isikilizwe tena itambidi arudi nayo kwa miguu, na awahi kupata nafasi kwenye benchi.