Subira ya Nani?



Mwanamke akishikwa na kipandauso, neno la kwanza aambiwalo ni "Subiri." Neno hilo ni jema. Lakini tujiulize: je, ni haki kumwamuru mwenzetu subira katika jambo tuwezalo kumpunguzia?

Maradhi haya huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi kuliko wanaume, na wengi huzidiwa karibu na siku zao za mwezi. Upande mmoja wa kichwa hugonga, moyo huchafuka, mwanga na kelele huwa adhabu. Huo si uvivu, wala si kudeka.

Mtazame mama wa Busisi anayeanika dagaa ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Jua kali, njaa na usingizi mfupi vyaweza kumwamshia maumivu. Hununua vidonge, akameza leo, kesho na kesho kutwa. Vidonge vina faida, hasa vikimezwa mapema; lakini vikizidi siku 10 au 15 katika mwezi, kwa kadiri ya aina yake, vyenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Ndiyo maana matabibu huongeza tiba isiyouzwa dukani: kulala na kuamka kwa saa zile zile, kula kwa wakati, kunywa maji, kutembea, kuvuta pumzi polepole, na maumivu yakija, kujilaza gizani na kitambaa cha maji baridi kipajini. Kichwa cha ghafla kisicho cha kawaida, hicho ni cha hospitali bila kungoja.

Tiba hii ni rahisi kwa maneno, bali gharama yake hulipwa na watu wa nyumbani. Atalalaje mapema, ikiwa vyombo vyamngoja yeye peke yake? Atapataje utulivu, ikiwa watoto hawana mwengine wa kuwatuliza? Kidonge hununuliwa kwa fedha. Mapumziko yake hununuliwa kwa jasho la mume, la mwana, la wifi.

Wala asiseme mtu kuwa kutafuta nafuu ni upungufu wa imani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku kichwani, naye yumo katika ihramu, kwa sababu ya kipandauso. Ikiwa yeye alijitibu, nani amwone mgonjwa kuwa dhaifu?

Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 hivi, na mgonjwa hangoji tena kivuko kwenda Mwanza. Lakini njia ya kutoka jikoni hadi kitandani hakuna serikali iwezayo kuijenga. Hiyo ni yetu.

Subira ya mgonjwa ni kuyavumilia maumivu. Subira yetu ni kuubeba mzigo wake. Tusimwachie zote mbili.