Deni la Mwenye Maarifa

Siku moja tuliingia katika nyumba ya mama mmoja hapa Shituru. Uani mbabula yake ilikuwa ikiwaka, na sufuria ya maharagi juu yake. Pembeni tuliona jiko jingine, jipya, la kupendeza. Ndani yake mlikuwa na vitunguu. Tukamwuliza, "Mama, mbona hulitumii?" Akacheka, akasema, "Hilo ni la wenye akili, baba. Lataka kuni zikatwe ndogo kama vidole, lataka betri, na maelezo yake ni ya Kifaransa. Tena nikisonga bukari juu yake, lapinduka."

Alipewa jiko lile ili apunguze gharama ya makala. Waliolileta hawakurudi kumwuliza neno.

Je, kosa ni la nani? Wengine watajibu upesi: kosa ni la mama, hapendi maendeleo. Sisi twasema sivyo.

Kwanza tupime uzito wa jambo lenyewe. Mchoma makala akitia kilo 100 za miti katika tanuru la udongo, hupata makala kilo 10 mpaka 20 tu. Mengine yote yamekwenda na moshi. Bandu bandu huisha gogo: miti ikiisha karibu, makala hutoka mbali, na safari ile hulipwa na mnunuzi. Halafu mbabula yenye matundu pande zote hupasha ua joto kabla ya kupasha sufuria. Fedha inayopotea hivyo ingenunua daftari la mtoto, au dawa ya mgonjwa.

Tena liko jambo la kutufikirisha. Viwanda vya Shituru vilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, na mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kutoa umeme kwa kazi ya shaba. Akili ya mwanadamu iliweza kuifikisha nguvu ya maporomoko ya maji mpaka kiwandani. Lakini mama aliye karibu na kiwanda kile bado anapuliza makala. Hatuilaumu shaba, ambayo imewalisha baba zetu. Twataka kusema tu kwamba akili haikukosekana. Ilikosa kuelekezwa jikoni.

Kwingine ilielekezwa. Huko Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walitafuta jiko bora la makala. Walitazama jiko la ndoo la Thailand, wakalibadili. Wakatengeneza mwili wa bati wenye kiuno chembamba, na ndani yake, sehemu ya juu, wakatia kikombe cha udongo uliochomwa. Udongo ule huzuia joto lisikimbie. Akina mama walipikia, wakataja kasoro, na mafundi wakarekebisha. Mwishowe fundi wa bati wa mtaani aliweza kuliunda kwa nyundo yake, na mama aliliwasha kama alivyozoea. Likitengenezwa vizuri laweza kuokoa theluthi moja ya makala, au zaidi.

Hapo ndipo penye fundisho. Kurahisisha chombo si kazi ya chini kuliko kukivumbua. Ni nusu ya pili ya kazi ile ile. Mwenye maarifa akiyatoa yakiwa yamefungwa kwa ugumu, amempa mwenye kiu ndoo isiyo na kamba.

Labda mtu atatupinga: "Mkiwarahisishia watu kila kitu, mtawazoeza uvivu." Lakini mama yule huamka kabla ya jogoo. Huteka maji, huosha watoto, huuza sokoni, hurudi kupika. Je, huyo ndiye tumwongezee mzigo wa kujifunza chombo kigumu, ili mvumbuzi apumzike? Haki yadai kinyume chake. Mwenye nafasi ya kufikiri auchukue ugumu, na mwenye kuchoka aachiwe wepesi. Hilo si sadaka, ni deni.

Lakini sisi wenye nyumba nasi tusijifiche nyuma ya kosa la wengine. Yako mambo yasiyohitaji fundi wala fedha. Tufunike sufuria. Tuloweke maharagi usiku kucha. Tukimaliza kupika, tuzime makala yaliyobaki tuyatumie kesho. Mchele ukichemka dakika chache, tuufunike, tuweke sufuria katika kikapu kilichojazwa nyasi kavu na matambara. Utaiva wenyewe bila moto. Ila kamwe tusifunge mlango na kulala na mbabula inayowaka, hata siku ya baridi kali, kwa maana hewa yake huua bila harufu.

Bwana wetu alishibisha watu elfu tano, naye aliweza kuongeza mikate kama alivyotaka. Hata hivyo aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe. Basi asiseme mtu kwamba kuhifadhi kidogo ni aibu ya maskini.

Na yeyote atakaye kuleta jiko jingine Shituru, aje kwanza aketi kwenye kibao cha mama yule, asonge bukari kwa mikono yake mwenyewe. Jiko likisimama imara, alilete. Likipinduka, alirudishe kwa fundi, wala asimlaumu mama.