Mpemba, askrimu na swali la mpwa wangu

Mpwa wangu hapa Bariadi anagandisha barafu za ubuyu kwenye friji yangu, anawauzia watoto wa jirani. Juzi akaniuliza: "Mjomba, nikiweka ubuyu ukiwa wa moto, si utaganda mapema?" Nikamjibu, bila hata kuinua macho kwenye simu, asiniharibie friji. Usiku nikakosa raha. Mwanafizikia ninayemhusudu kuliko wote aliwahi kujibiwa hivyohivyo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba. Wanafunzi walichemsha maziwa na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji wapate askrimu. Siku moja nafasi iligombaniwa, naye akaweka yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu akasema amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza tena mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake wakacheka. Osborne yeye akarudi kujaribu, na mwaka 1969 majina yao yakatoka pamoja katika jarida la Physics Education.

Ila kuna hili. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima maji kwa uangalifu, wasipate ushahidi wa maana kwamba ya moto hupoa upesi zaidi. Wengine bado wanabishana nao. Ikibainika kesho kwamba Mpemba alikosea, nimvue heshima? Wapo wanaosema swali lake tu linatosha. Mimi naona huko nako ni kumdharau, kama unavyompongeza mtoto kwa kuchora. Yeye hakuwa anatafuta pongezi bwana, alitaka kujua.

Msomaji, itafute makala ile ya 1969. Ni fupi, na Mpemba anasimulia mwenyewe. Ukishiba, mihadhara ya Feynman ipo bure mtandaoni kwenye tovuti ya Caltech. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo vipo mtandaoni. Bando tu ndo linauma.

Jana nilimwomba mpwa wangu radhi, tukaweka vikombe viwili vya maji, cha moto na cha baridi. Cha baridi kikaganda kwanza.

"Kwa hiyo Mpemba alidanganya?"

Nikaanza kumweleza habari za 2016, akanikatisha.

"Lakini mjomba, yeye si alitumia maziwa?"

Nikatoa hela, akaenda kununua.