Mbegu Ishirini

Babu alicheka mpaka akakohoa. Tulikuwa chini ya mkorosho, Mnyambe, wilayani Newala, bao katikati yetu na kompyuta yangu juu ya kigoda. Programu ninayoiandika kwa ajili ya shahada ya uzamili ilikuwa imeiacha nyumba yake iliwe, kweupe. "Mjukuu wangu," alisema, "huyu mtu wako anacheza bao jingine, si hili."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua.

Programu ya mchezo hukumbuka hali ilizokwisha kuzichunguza ili isizihesabu upya. Haihifadhi bao zima. Kila hali huipa namba, kama jina. Mimi kila shimo nililipangia namba, nikaizidisha kwa idadi ya kete zilizomo, kisha nikajumlisha yote. Namba zenyewe nilizichagua kwa mapenzi: tarehe za kuzaliwa za watu wa nyumbani. Kaka 12, mama 18, baba 24. Weka kete mbili kwenye shimo la mama, unapata 36. Zitoe, weka moja kwa kaka na moja kwa baba: 36 tena. Hali mbili, jina moja. Programu ikachomoa jibu la hali nyingine, ikacheza kwa kujiamini kabisa.

Dawa ilijulikana tangu 1970, alipoieleza Albert Zobrist wa Chuo Kikuu cha Wisconsin: tumia namba za nasibu, zisizohusiana na chochote. Kwa bao letu la mashimo 32 na kete 64, nilihitaji namba kwa kila shimo na kila idadi ya kete, jumla 2,048, ukiacha ghala. Urefu wake pia una maana. Kwa namba za biti 32, hali kama 77,000 tu zinatosha kufanya uwezekano wa majina kugongana ufike nusu. Kwa biti 64 zinahitajika kama bilioni tano.

Nilifurahi. Kisha nikagundua kwamba namba za nasibu nazo huzaliwa na namba moja ya kuanzia, inayoitwa mbegu, na mbegu hiyo ninaichagua mimi. Nilijaribu mbegu 20. Nyingi zilitoa matokeo ya kawaida dhidi ya programu ya mwenzangu. Ya kumi na moja iliibwaga vibaya. Tasnifu ilibaki wiki mbili.

Kuandika mbegu moja tu si uongo. Kila tarakimu ingekuwa ya kweli, na yeyote angeweza kuirudia akapata nilichopata. Lakini kwa nini tunaziamini namba za nasibu? Kwa sababu ileile inayotufanya tuokote vikaratasi tunapogawana viwanja: kikaratasi hakimjui mtu. Anayerudia kuokota mpaka jina la ndugu yake litoke hajadanganya kikaratasi chochote, ila hapo hakuna tena bahati nasibu. Kuna ndugu yake tu. Nilikuwa nimeondoa upendeleo kwenye mashimo nikauhamishia kwenye mbegu, na huko, nakiri, ulikuwa umevaa vizuri zaidi.

Jedwali likawa na safu 20. Wastani ukashuka, na msimamizi wangu akauliza kama nina hakika.

Babu, nilipompigia, hakuuliza habari za jedwali. Alitaka kujua kama yule mtu wangu sasa anailinda nyumba.