Kichwa na Kibofu

Mtu mwenye akili husifiwa kwamba ana kichwa. Sijapata kusikia mtu akisifiwa kwamba ana kibofu. Kichwa huvikwa kilemba. Kibofu hutajwa kwa kunong'ona. Msomaji, nakuomba tuulizane: je, ni haki kuvigawa viungo vya mwili katika daraja mbili, vya kutukuzwa na vya kudharauliwa?

Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni huko Machakos, karibu na vilima vya Iveti, tulikuwa na mwenzetu aliyetushinda sote katika hesabu. Mwalimu alipouliza swali gumu, macho yetu yalimwelekea yeye. Lakini kila alfajiri, hata katika baridi ya Julai, alitoka kimya na godoro lake kwenda kulianika nyuma ya bweni. Mchana tulikiheshimu kichwa chake. Usiku tulimwita kikojozi. Nami nilicheka pamoja na wengine. Muhula uliofuata hakurudi.

Elimu niliyoipata baadaye ilinihukumu. Iko gesi iitwayo nitriki oksidi. Hutoka katika injini za magari, na kwa miaka mingi ilijulikana zaidi kuwa ni uchafu wa hewa. Katika miaka ya 1980 ikathibitika kwamba mwili wenyewe huitengeneza, kidogo kidogo, na kuituma kama tarishi kutoka chembe hadi chembe. Uhai wake ni wa sekunde chache tu. Hufikisha ujumbe, kisha hutoweka. Mwaka 1998 Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi tarishi huyu anavyoiamuru mishipa ya damu ilegee.

Wengine walimtafuta katika ubongo. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, David Bredt na Solomon Snyder walikitenga kimeng'enya kinachoitengeneza gesi hiyo ubongoni. Baadaye walipatikana panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho katika mishipa yao ya fahamu. Mwaka 1995 ikatangazwa kwamba madume yao walikuwa wakali kupita kiasi. Mwaka 1997 Arthur Burnett, pamoja na Snyder na wenzao, wakaeleza habari ya vibofu vya panya hao: vilikuwa vimetanuka, na njia ya mkojo haikulegea ilivyopasa. Tarishi mmoja alikosekana. Hasara ikaonekana katika mwenendo, ikaonekana na katika kibofu.

Tafakari jambo hili. Tarishi yule yule anayehudumu katika makao ya fikira huhudumu pia katika mlango wa mkojo. Hasemi, "Huku ni kwa mabwana, kule ni kwa watwana." Daraja hizo tumezibuni sisi. Isitoshe, kichwa na kibofu huzungumza mchana kutwa: kibofu hutoa habari kwamba kimejaa, ubongo hujibu kwamba kisubiri. Katika usingizi wa baadhi ya watoto na vijana, habari hiyo haiuamshi ubongo. Mwenye kulowesha kitanda hakukusudia, wala si mvivu, wala si mchafu. Kumcheka ni kama kumcheka mtu kwa kuwa amelala.

Utasema, "Je, haya si adabu?" Ni adabu, na sitaki iondoke. Lakini stara na dharau ni vitu viwili. Stara humfunika mwenzako ili asiaibike. Dharau humfunua ili aaibike. Tena dharau humfundisha mgonjwa kunyamaza, na wahenga wamesema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kijana huficha shuka, mzee huficha kwamba mkojo wake umeziba, na wote wawili hukosa tiba ambayo pengine ilikuwa karibu nao. Basi aibu hiyo ni ya nani: ni ya mgonjwa aliyenyamaza, au yetu tuliomnyamazisha?

Msomaji, huenda katika bweni lako yuko anayeamka kabla ya kengele kuificha shuka yake. Huna uwezo wa kuponya kibofu chake, lakini ulimi wako umo katika mamlaka yako. Ukilisikia jina lile la kejeli likitamkwa, usilirudie. Ukiweza, msaidie kubeba godoro, umshauri aende kwa mganga wa hospitali bila hofu. Mimi nilipewa nafasi hiyo nikaipoteza kwa kicheko. Hesabu nilizokuwa nikimwomba anifafanulie nimezisahau. Sauti ya hatua zake alfajiri sijaisahau.